Mrejesho: Kumbukumbu za King Majuto

Ndugu zangu, nilipouliza jinsi watu wa Tanga wanavyomkumbuka marehemu Amri Athumani, mchekeshaji na mwigizaji wa filamu ambaye wengi tulimjua kwa jina la King Majuto, nilitarajia visa vya kuchekesha tu, na nashukuru kwamba nimepata zaidi ya hivyo.

Wengi walirejea usiku wa tarehe 8 Agosti 2018, habari zilipotoka Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwamba mzee huyo aliyezaliwa mwaka 1948 amefariki dunia, baada ya kuugua kwa muda na kupelekwa India kwa matibabu. Mama mmoja alieleza kuwa waliwasha televisheni ili wahakikishe, wakakuta inaonyeshwa filamu yake, wakajikuta wanacheka na kulia kwa pamoja. Waliozoea vibanda vya video walisema hakuhitaji hata kutamka neno, kwani akikunja uso tu, kibanda kizima kilikuwa kimekwisha kuangua kicheko. Hapo sina ubishi, maana nami nilikuwamo.

Nisilolitegemea ni uchungu wa wazee wawili walioniandikia kwa kirefu kuhusu mikataba inayowanyonya wasanii, suala lililozungumzwa sana Majuto alipokuwa mgonjwa. Kwao, kumcheka msanii miaka yote kisha kumchangia matibabu ni aibu yetu sote.

Swali langu kuhusu michezo yake ya jukwaani, kabla ya enzi za kanda za video, halijajibiwa. Aliyeishuhudia, bado namsubiri.