Masika yakichelewa, mnawezaje kulala?

Mgeni wa Jembe (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwaka juzi niliacha kazi ya ofisini nikakodi ekari sita Handeni, kwa mkopo wa kikundi ambao marejesho yake hayasubiri mavuno. Masika yaliyopita nilipanda siku mbili baada ya manyunyu ya kwanza, jua likawaka majuma matatu, mahindi yakaungua yakiwa na majani manne. Sasa ni Machi tena, shamba limekwishalimwa, mfuko wa mbegu umeegemea ukuta wa chumba tunacholala, nami huamka saa tisa usiku nikatoka nje kutazama mawingu. Utabiri nausoma kwenye simu pengine mara kumi kwa siku. Sitafuti mbinu za kilimo peke yake; nauliza mtu anaishije na jambo asiloweza kulijua, bila kuwafokea mke na watoto kama nilivyoanza kufanya.

Babu Mihogo

Kijana wangu, nimelima kwa kutegemea mvua tangu 1981 na hofu ya Machi haijanitoka. Kilichobadilika ni kwamba siuweki tena msimu mzima katika siku moja. Ningekuwa na ekari zako, mbili ningezipanda udongo ukilowa hadi kina cha kiganja, mbili baada ya siku kumi, na mbili zilizobaki ningezitia mihogo, kwa kuwa mihogo ikikosa mvua husimama kukua kisha huendelea, ilhali mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele ndiyo basi tena. Wala usidhani adui ni jua tu: mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño ziliozesha maharage yangu nikiwa nimejiandaa kwa ukame. Na huo mfuko uutoe chumbani.

Mama Daftari

Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolewa kwa eneo kubwa na kwa lugha ya uwezekano, yaani wastani, juu ya wastani au chini ya wastani, kwa hiyo kuusoma mara kumi hakukuongezei lolote kuhusu shamba lako. Sisi nyumbani ule wa kila siku tunausikiliza mara moja jioni, tunakubaliana kazi ya kesho na kuiandika, na asubuhi hatuufungui tena mjadala.

Mpangaji

Mzee anisamehe, lakini mihogo hukaa ardhini karibu mwaka mzima, na aliyekodi kwa msimu hana mwaka huo, afadhali kunde. Tena hofu ya ndugu huyu naona ina tarehe, nayo ni tarehe ya rejesho. Azungumze na kikundi sasa, kabla hajashindwa kulipa, waone kama malipo yanaweza kusogezwa hadi baada ya mavuno.

Mgeni wa Jembe

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Ni kweli, mkataba wangu unaisha Septemba, hivyo nitapanda kunde. Mfuko nimeuhamishia stoo. Jana niliamka tena saa tisa, ila sikutoka; mke wangu, ambaye kumbe naye hakuwa amelala, aliniuliza deni limebaki kiasi gani, nikamtajia kwa mara ya kwanza. Jumamosi tutakwenda pamoja kwa mwenyekiti wa kikundi. Mzee, zile siku kumi zinahesabiwa tangu kupanda, au tangu mvua ya pili?