MREJESHO: Lile swali langu la leza na mapigo mafupi

Wakuu habari za saa hizi, huku Mbeya baridi inatunyoosha. Mnakumbuka niliuliza kwa nini usiwashe na kuzima umeme wa leza dayodi (kile kichipu cha semikondakta kinachotoa mwanga wa leza) fasta fasta upate pigo la mwanga la femtosekunde, yaani sekunde moja ukiigawa kwa milioni ya bilioni? Ndaga fijo kwa wote mliojibu.

Nimekaa na mwalimu wangu tukayachambua majibu yenu. Umeme hauwezi, ukikaza sana unaambulia pikosekunde makumi hivi (pikosekunde moja ni femtosekunde 1000). Kushuka zaidi mwanga inabidi ujibane wenyewe, unaweka ndani ya chipu kipande kinachomeza mwanga hafifu ila ule mkali kinaupitisha, basi pigo likizunguka kati ya vioo linazidi kuchongwa hadi chini ya pikosekunde.

Ila kilichonikosha ni mdau aliyeleta habari ya Rabi, ule mchezo wa mwanga kuzipandisha na kuzishusha elektroni kwa zamu. Tunafundishwa elektroni ikishuka inatoa fotoni (chembe ya mwanga) basi, kumbe pigo likiwa kali na fupi kuliko muda ambao elektroni zinabaki kwenye mpangilio (kwenye semikondakta isiyopozwa ni kama femtosekunde 100 au pungufu, zinagongana ovyo) mwanga unazishusha halafu unazipandisha tena! Wanafizikia McCall na Hahn mwaka 1967 walionyesha pigo kwenye rubi (kito chekundu) iliyopozwa linapita bila kumezwa, mbele linakopesha nishati, mkia unalipwa deni lote. Mi hapo nilicheka peke yangu.

Projekti nafanya simulesheni kwa laptopu, vifaa vya kupima femtosekunde hapa sina. Mwenye kodi (code ya kompyuta) ya Maxwell-Bloch, zile hesabu za mwanga na elektroni kwa pamoja, aje PM.