Skripti ya vichekesho vya TV inapelekwa wapi hasa?

mtunzi_moro
Wakuu habari za jioni. Nina skripti ya vichekesho ya TV, episodi sita zimeshakamilika, inahusu familia inayoendesha gesti pale Msamvu, Morogoro, karibu na stendi, baba ni mlokole hataki wageni wasio na cheti cha ndoa ila mama anawapitisha mlango wa nyuma maana ada za watoto hazisubiri. Niliowasomea wote wamecheka. Tatizo napeleka wapi, nimetuma imeili vituo kadhaa kimya, kingine nilienda mpaka mapokezi wakasema acha bahasha. Napeleka zote sita au moja? Na nafanyaje wazo lisiibiwe? Au ni mpaka ujuane na mtu?

Kalamu ya Ilala
Mkuu hiyo gesti ina kitu, usiiache. Ila elewa jambo moja, vituo vyetu vingi havinunui skripti, vinanunua kipindi. Anayekaa mezani na kituo ni kampuni ya kutengeneza vipindi, yenye usajili, TIN na kazi za kuonyesha. Hata Maisha Magic Bongo, ile chaneli ya DStv, wanapotoa tangazo la kukaribisha maandiko wanataka na bajeti na nani atashuti, sasa wewe na skripti yako peke yako hiyo sehemu ya bajeti utajaza nini? Kwa hiyo bahasha yako haijakataliwa, imefika tu kwa mtu ambaye hana la kuifanyia.

Wewe mtafute prodyusa. Angalia vipindi vya vichekesho vinavyoruka sasa hivi, subiri yale majina yanayopita haraka kipindi kikiisha, andika jina la kampuni, hao ndio wa kuwatafuta. Usiwapelekee zote sita hawatasoma. Peleka ukurasa mmoja wa kuelezea kipindi, wahusika wako kwa kifupi, mistari miwili mitatu ya kila episodi kwa episodi 13 hata zile ambazo hujaziandika bado, na skripti moja tu, ile kali kuliko zote. Kipindi cha nusu saa ukitoa matangazo kinabaki kama dakika 22 hadi 24, na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mpangilio wa skripti ni kama dakika moja, ukimpa kurasa 50 anajua papo hapo hujawahi kupima.

Dada wa Likoni
Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi naongezea upande wa gharama kwa sababu hapo ndipo kazi nzuri nyingi zinafia. Huku Kenya kanuni za utangazaji zinataka asilimia 40 ya vipindi viwe vya nyumbani, kwa hivyo vituo vinahitaji kazi, lakini vinahitaji ile ya bei nafuu. Angalia Vioja Mahakamani ya KBC, miaka na miaka chumba ni kimoja cha mahakama, kesi ndiyo inabadilika. Papa Shirandula ilianza Citizen TV 2007, mzee anatoka nyumbani na suti kama bosi kumbe kazini ni soja, mlinzi wa getini. Huo uongo mmoja unazaa hadithi kila wiki, leo mke anataka kumtembelea ofisini, kesho jirani anaomba amtafutie kazi. Wewe uko na uongo wako tayari, mlango wa nyuma, na uko na mahali pamoja pa kushutia. Kama uko na sini ya basi kupinduka barabara ya Dodoma itoe.

Tena gesti ni mada ya kuchungwa. Huku kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku ni saa za familia, mambo ya watu wazima hayaruki. Wacha mchezo uwe kwa baba na mama hapo kaunta, vyumbani kamera isiingie. Tuwekee mistari kidogo tuone.

mtunzi_moro
Asante sana dada, sini ya basi ipo kweli na inatoka leo. Hii ni ya episodi ya kwanza:

BABA: Namba nne nimeandika mgeni mmoja. Mbona chai vikombe viwili?
MAMA: Kimoja cha chai, kimoja cha kupoozea.
BABA: Aa, mimi nilidhani umeniingizia mtu mwingine humo ndani.
MAMA: Mume wangu nawe, siwezi kukudanganya.

Dada wa Likoni
Cha kupoozea! Hapo umeweza kabisa. Sasa kata hapo hapo, mistari miwili ya mwisho inaeleza kitu ambacho mtazamaji ashakijua. Badala yake baba achukue hiyo trei aseme "lete nimpelekee mwenyewe" aanze kutembea kwenda namba nne. Mama afanye nini? Hiyo ndiyo sini yako inayofuata.

Kalamu ya Ilala
Safi sana hiyo. Kuhusu wizi, sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda kilichoandikwa, wazo tupu hailindi, kwa hiyo "familia yenye gesti" kila mtu anaweza kuandika ila mazungumzo yako na wahusika ulivyowaandika ni vyako. Sajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kabla hujazunguka nayo, na tuma kwa imeili ili tarehe ibaki. Kwenye mkataba soma jina la kipindi ni la nani. Wale jamaa wa Ze Comedy walipotoka EATV kwenda TBC1 wakaja kuitwa Orijino Komedi, waigizaji wale wale, jina jipya, kwa hiyo uliza mapema msimu wa pili ukihamia kwingine nani anabaki na jina.

Na kujuana, prodyusa akivutiwa na hiyo skripti lakini hana hela ya kipindi kipya, muombe akujaribu kwenye kipindi chake kinachoruka. Kipindi cha kila wiki kinamaliza hadithi haraka sana na waandishi wanachoka, mwenye kuleta episodi inayoshutika Jumatatu anaitwa tena. Kubaliana malipo kwa kila episodi kabla hujaandika, na jina lako litokee mwishoni kama mwandishi, sio kwenye shukrani.