Taarifa zangu zimevuja, naweza kuwashtaki? Naombeni ushauri wakuu

Kimya Kimya: Wakuu, kuna taasisi niliwahi kujaza fomu zao. Juzi wamenitumia barua pepe kwamba mfumo wao umeingiliwa. Jina, simu, namba ya kitambulisho, hadi majibu ya vipimo vyangu, vyote viko nje. Mwisho wanaomba radhi "kwa usumbufu". Silali. Naweza kuwafungulia kesi?

Bundi wa Usiku: Pole mkuu. Mimi niliibiwa simu, mwizi akakopa kwa jina langu kwenye programu tatu. Hadi leo napigiwa nalipa lini. Badilisha nywila zote.

Mama Wawili: Mnapenda mno kujaza fomu. Mtu anaulizwa jina la bibi yake na anaandika!

Mzee wa Vifungu: Mahakama isubiri kwanza. Tunza hiyo barua pepe, kisha watake kwa maandishi wakueleze nini kimevuja na walijua lini. Ulaya na hata Kenya, sheria inawapa saa 72 tangu wajue kuiarifu mamlaka ya ulinzi wa data. Lalamika huko. Ukitaka fidia, onyesha madhara: Uingereza mwaka 2021 kesi ya Lloyd dhidi ya Google ilikwamia hapohapo. Ila Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema Desemba 2023 kwamba hata hofu ya data kutumiwa vibaya yaweza kuhesabika, ikithibitishwa. Kwa hiyo huko kukosa usingizi kuandike, tarehe kwa tarehe.

Komba Mwiko: Msimpe matumaini. Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, ilivujisha data za watu wapatao milioni 147 mwaka 2017. Waliopigia hesabu fidia ya dola 125 wakaambulia vijisenti.

Mzee wa Vifungu: Mtoa mada, umeshawajibu?

Kimya Kimya: Niliwajibu kawaida tu.

Mzee wa Vifungu: Kawaida ndiyo nini?

Kimya Kimya: Sawa. Lile faili nililikuta mtandaoni nikalishusha, nimo. Nikawaambia wanilipe ndani ya siku saba, la sivyo naliweka hadharani lote. Lakini wao ndio walioanza! Nadai haki yangu, sijaiba cha mtu.

Mzee wa Vifungu: Unadai haki kwa vipimo vya wenzako? Hivyo ni vitisho ili ulipwe, sehemu nyingi ni jinai. Usiwaandikie tena hata neno. Faili usilisambaze wala usilifute, tafuta wakili leo.

Kimya Kimya: Bila kuwatisha wangenisikiliza?

Komba Mwiko: Chai hii. Barua juzi, leo faili unalo na vitisho umeshatuma? Au wewe ndiye mdukuzi, umekuja kupima upepo?

Kimya Kimya: Mdukuzi gani anaomba ushauri? Halafu sijasema faili nimelipata juzi.

Mama Wawili: Ulilipata lini, mwanangu?

Komba Mwiko: Nakaa siti ya mbele.

Bundi wa Usiku: Wakati tunamsubiri, Mzee, ule mkopo wangu wa tatu nifanyeje?