Imani au matendo: ni lini swali hili lilikugusa wewe mwenyewe? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Mistari tunaijua. Mmoja anakuja na Waefeso 2:8 (tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani), mwenzake anamjibu kwa Yakobo 2:24 (mtu hukubaliwa na Mungu kwa matendo, si kwa imani peke yake), na kila mtu analala akijua ameshinda. Mechi hiyo mimi nimeichoka. Naomba tusimuliane pale jambo hili lilipoacha kuwa mahubiri likaingia nyumbani kwako.

Naanza. Mimi ni Mkatoliki. Baba yangu mdogo alikuwa haonekani jumuiyani (kikundi chetu cha sala cha majirani), michango hatoi. Lakini mgonjwa akikosa nauli pale kijijini, usiku wa manane ni pikipiki ya baba mdogo. Alipofariki, viongozi wa jumuiya wakafungua daftari la michango. Padri hakuja, hakukuwa na misa, katekista akasali kidogo tukazika. Shangazi akauliza mbele ya waombolezaji: "Na hao aliowabeba, wameandikwa daftari gani?" Watu kimya. Hadi leo sijui daftari lile lilipima imani, matendo, au mahudhurio tu.

Mchaga wa Mlimani: Pole mkuu. Sisi Walutheri wa KKKT ndio tunaojidai na neema. Kipaimara nilikariri Katekisimo Ndogo ya Luther neno kwa neno: kwa akili na nguvu zangu siwezi kumwamini Kristo, Roho ndiye anayeniita. Mwaka uleule dada yangu akapata mimba nyumbani. Akatengwa, baadaye akasimamishwa mbele ya usharika ili arudi kundini. Mwanamume aliyempa mimba alikuwa wa usharika mwingine, akaendelea kuimba kwaya. Dada alipouliza kuhusu hiyo neema, mzee wa kanisa akamwambia: "Neema ipo binti yangu, ila kuna utaratibu."

Mjukuu wa Bukoba: Bibi yangu aliokoka kwenye ule uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi kwetu Kagera. Kitu cha kwanza alichofanya ni kubeba jembe kichwani na kulirudisha kwa jirani aliyekuwa ameshasahau kama liliibwa. Wenzake walirudisha mbuzi, wengine wakalipa madeni ya zamani, wakaungama hadharani. Bibi hakuwahi kusema jembe lilimwokoa. Damu ya Yesu ndiyo iliyomwokoa, basi. Lakini ungemwambia umeokoka na jembe la watu bado liko uani kwako, angekucheka.

Sabato Njema: Sisi Wasabato tunaambiwa tunatafuta mbingu kwa kutunza siku. Niliacha kazi nzuri kwa sababu ya zamu za Jumamosi, na ndugu zangu wakanisema sana. Mwanamume hatulii nyumbani ili aoe, anatulia kwa sababu ameshaoa. Jibu langu ni hilo, sina lingine.

Mtoto wa Makanisa Mawili: Baba Mkatoliki, mama Mlutheri, kwa hiyo mjadala huu nimekua nao mezani. Mama akisoma Warumi 4, Ibrahimu alihesabiwa haki, yaani alikubaliwa na Mungu, alipoamini tu (hiyo ni Mwanzo 15). Baba anafungua Yakobo 2, Ibrahimu yuleyule, ila sasa anamtoa Isaka madhabahuni (Mwanzo 22). Mzee mmoja, kurasa mbili tofauti za maisha yake! Nilipokuja kujua kwamba Vatikani na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kule Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999, nilikimbia kuwaeleza kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Walikiri pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu, na kwamba matendo mema hufuata. Baba akasikiliza, akauliza: "Sasa mbona bado siwezi kukomunika (kupokea meza ya Bwana) na mama yako?" Nikakosa jibu.

Binti Kifungua Mimba: Nyie mna afadhali. Baba yetu alikunywa pombe mshahara wote, akatutelekeza. Wiki yake ya mwisho hospitalini akatubu. Msibani mchungaji akahubiri yule mhalifu wa msalabani aliyeahidiwa peponi saa ya kufa, Luka 23, watu wakaitika amina. Mama hakuitika. Tulipofika nyumbani akasema, "Yeye amesamehewa, ada nimelipa mimi." Sijasikia mahubiri mazito kuliko hayo, na sijui nimweke mama upande gani.

Mwanzisha uzi: Dada yangu, samahani kwa kuuliza. Mama alikuja kusamehe?

Binti Kifungua Mimba: Anamtaja kila asubuhi kwenye sala, kwa jina kamili. Ila kaburi halijajengewa. Anasema hiyo zamu ni ya ndugu zake waliokuwa wakinywa naye.