Pikipiki inavuma lakini haivuti baada ya kumwaga oili mwenyewe. Ninunue pleti za klachi zipi?

Kijana wa Mbalizi
Wakuu habari za jioni. Nina pikipiki ya Kichina cc 150, ya kwangu mwenyewe, siyo ya mkataba. Mafundi wa stendi wamezidi kunichaji kwa kazi ya robo saa, nikaamua kufanya sevisi nyumbani kwa mara ya kwanza. Nimemwaga oili, nimebadilisha filta, nimesafisha plagi, nimekaza cheni. Kila kitu kimeenda sawa.
Shida ni kwamba tangu jana, nikiwa gia ya nne au ya tano nikivuta mafuta, injini inavuma, mlio unapanda, mwendo uleule. Mlima wa Iwambi na abiria mmoja nimepitwa na bajaji imejaa viazi. Dukani wameniambia pleti za klachi zimekwisha. Naomba kujua ninunue pleti za aina gani, na je, kuzifunga nyumbani inawezekana?

Mzee wa Tofali
Hii ndiyo shida ya vijana wa sasa. Unakwepa kumlipa fundi hela ya chai, kesho unanunua injini. Kila kazi ina mwenyewe.

Dada Spea
Kuzifunga nyumbani inawezekana. Chukua seti yenye springi zake, maana pleti mpya na springi zilizolegea ni kazi bure. Pleti mpya uzilowekee kwenye oili safi usiku mzima kabla ya kuzifunga. Ukifunga kavu zinaungua siku ya kwanza. Boliti nne za springi zikaze kwa msalaba, kidogo kidogo, zile ni M6 zimeingia kwenye aluminiamu. Na ununue gasketi ya kava la kulia, ya zamani haitoki nzima.

Fundi Kimya
Dada Spea, pleti baadaye. Klachi haifi siku moja na sevisi kwa bahati mbaya.
Mkuu, mambo mawili. Kwanza kebo: mkono wa klachi uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 ukipimia kwenye ncha, kabla haujaanza kuvuta kitu. Kama umekazwa mpaka hauna mchezo, kebo inaishikilia klachi nusu wazi muda wote, lazima iteleze. Pili, umeweka oili gani? Nataka namba na lebo, siyo rangi ya chupa.

Kijana wa Mbalizi
Asante mkuu. Kebo nimeilegeza, mchezo upo, hali ileile. Oili ni nzuri, tena ya bei kubwa kuliko hizi za bodaboda. Kwa hiyo oili tuitoe kwenye hesabu. Pleti nimeshatanguliza nusu ya hela dukani, ndiyo maana nauliza aina tu.

Mtoto wa Karakana
Hela umetanguliza, ushauri unaomba. Hapo umekuja kutafuta mashahidi 😂

Fundi Kimya
"Nzuri" siyo jibu. Soma chupa.

Kijana wa Mbalizi
Haya. Ni 5W-30 sinthetiki kamili. Ni ya gari, ilibaki kwa shemeji, haijafunguliwa. Lakini kabla hamjanirukia, huku Mbeya baridi kali, asubuhi pikipiki ilikuwa inagoma kwa kiki. Oili nyepesi inapanda haraka. Na kama inafaa injini ya gari la mamilioni, itashindwaje na ya pikipiki?

Fundi Kimya
Haishindwi na injini. Inashindwa na klachi. Klachi ya gari iko kavu, nje ya oili. Ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili ileile inayolainisha pistoni na gia. Oili nyingi za gari za namba nyepesi kama 5W-30 zimewekwa dawa ya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta. Geuza chupa utazame kile kiduara cha API nyuma: maneno ya kuokoa mafuta yanakaa nusu ya chini. Sasa klachi yako inashika kwa msuguano huohuo. Umeipaka utelezi.
Tafuta chupa yenye JASO MA au MA2, alama ya oili za pikipiki ambazo klachi yake inaogelea kwenye oili. MB hapana, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili.
Kuhusu baridi: namba kabla ya W ndiyo ya baridi. 10W inapimwa kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Mbeya hata Juni haijafika huko. 10W-40 ya pikipiki inatosha kabisa. 20W-50 nayo inafanya kazi, ila asubuhi iache ingurume kidogo kabla ya kuondoka.

Mzee wa Tofali
Zamani tuliweka oili yoyote na pikipiki zilikwenda.

Chuma Chakavu
Mzee, zamani hizo dawa za kuokoa mafuta hazikuwemo kwenye hizo chupa.
Mleta mada, umeweka kiasi gani?

Kijana wa Mbalizi
Nilipimia kwa chupa ya maji, ile ya lita moja na nusu. Imeingia yote bila shida. Nikaona bora izidi kuliko ipungue.

Chuma Chakavu
Bora isizidi. Injini ya pikipiki kama hiyo inapokea takriban lita 0.9 hadi 1 unapomwaga kwa kawaida. Umezidisha nusu lita. Krenki inaichapa oili mpaka inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Presha ya ndani inapanda, oili inatafuta njia: kupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye boksi la hewa, au kupitia sili. Fungua boksi la hewa leo, ukikuta sponji imelowa, ndiyo hiyo.
Kipimo chake: simamisha kwa stendi ya kati sehemu tambarare, iache ingurume dakika tatu hivi, zima, subiri nyingine mbili tatu. Toa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ifute, ichomeke BILA kuikaza, soma. Ukiikaza inazama zaidi na kukuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Wanaosoma hivyo ndio wanaotembea na oili pungufu. Kama imezidi, huna haja ya kufungua chini, vuta kwa bomba la sindano lenye mpira kupitia tundu la dipstiki.

Fundi Kimya
Hiyo hatavuta, anamwaga yote. Kuna kingine ulichogusa?

Kijana wa Mbalizi
Hakuna cha maana. Ilikuwa inagonga juu, tik tik tik, nikafungua kile kifuniko cha kichwani nikakaza tapeti, zile skrubu za kuseti nafasi ya valvu, kidogo mpaka mlio ukaisha. Hilo limefanikiwa, sasa imetulia kama ya dukani.

Fundi Kimya
Imetulia kwa sababu valvu hazifungi. Mlio mdogo wa tapeti ni afya. Nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi iliyolala usiku kucha. Ukiondoa nafasi yote, valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake, na kwenye kile kiti ndipo inapotolea joto. Ya ekzosi ndiyo inaungua kwanza. Utaanza kuona inagoma kuwaka ikiwa ya moto, kompresheni imeshuka, halafu gharama ni kichwa kizima.
Usiiwashe tena mpaka uiseti.

Mchunguzi Huru
Samahani wadau, nawakatisha. Hii ni chai, hadithi ya kutunga.
Angalieni. Oili ya gari, lita moja na nusu, tapeti zimekazwa hadi mwisho. Makosa yote ya mwanafunzi wa chuo cha ufundi VETA yamekusanywa kwa mtu mmoja kwa siku moja. Lakini kilichonifumbua macho ni mwanzo wa uzi: "nimebadilisha filta". Injini za ukoo wa Honda CG125, ile ya mwaka 1976 ambayo Wachina wameinakili kwa wingi, hazina filta ya karatasi ya kubadilisha. Kuna wavu, na kuna kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki nyuma ya kava la kulia, kinarusha taka pembeni zikaganda humo. Kubadilisha umebadilisha nini?
Huyu hana pikipiki. Au ni muuza oili za JASO anafungua soko.

Mtoto wa Karakana
Chai ya tangawizi kabisa 😂 Naweka kambi hapa.

Mzee wa Tofali
Nilijua tangu mwanzo.

Kijana wa Mbalizi
Mchunguzi, uzushi ni wako. Picha hizo hapo chini: pikipiki, dipstiki na filta yenyewe ikiwa kwenye boksi lake. Dukani niliomba vifaa vya sevisi wakanipa spana namba 17 na filta hiyo. Pa kuiweka sikupaona. Nikaandika nimebadilisha kwa sababu nimeinunua. Kwani ningeandikaje?

Mtoto wa Karakana
Umebadilisha umiliki wake. Ilikuwa ya duka, sasa ni ya kwako.

Dada Spea
Hiyo filta ni ya pikipiki nyingine kabisa. Rudisha kabla boksi halijachafuka, na ile hela ya pleti uombe ihamishiwe kwenye oili ya pikipiki na washa ya boliti ya kumwagia.

Chuma Chakavu
Picha ya pili, boliti ya kumwagia oili: ule utepe mweupe ni wa mabomba ya maji?

Kijana wa Mbalizi
Ilikuwa inatoa jasho. Nikafunga tepu nikaikaza zaidi. Sasa haitoi.

Chuma Chakavu
Itoe yote. Vipande vyake vikikatika vinaingia kwenye oili na kwenda kukaa kwenye wavu wa pampu. Kinachozuia pale ni washa laini ya shaba au aluminiamu, inayobanwa mara moja tu; ukiitumia tena ndipo jasho linapoanza. Boliti zile kwa kawaida ni M12, za chuma, zinaingia kwenye aluminiamu. Zinataka mkazo wa Nm (nyutoni mita) 25 hadi 30. Kama huna spana ya kupimia, shika spana fupi karibu na kichwa cha boliti, ikigusa washa ongeza kama robo ya mzunguko, acha. Ukihisi inazunguka bila kukaza, uzi wa ndani umekatika. Hapo usiongeze nguvu, peleka kwa wachongaji wakuwekee koili ya chuma ya saizi ileile.

Fundi Kimya
Kwa kuwa pikipiki ipo, fuata mpangilio huu.
Anza na tapeti asubuhi, injini baridi. Toa plagi, weka gia ya juu, zungusha tairi la nyuma kuelekea mbele. Watu watakwambia tikisa roka, ile mikono inayosukuma valvu, uone zote zimelegea. Kwako haitasaidia kwa sababu umezikaza. Tazama roka ya upande wa kabureta: ikishuka kisha ikarudi juu, endelea taratibu mpaka alama ya T kwenye magneti ilingane na alama ya kwenye bodi. Hapo pistoni iko juu kwenye kompresheni. Ukiweka kidole gumba kwenye tundu la plagi utasikia upepo unakisukuma kabla ya kufika T. Legeza nati, rudisha skrubu, ingiza fila geji (kibati cha kupimia nafasi) ya 0.08, kaza hadi ipite kwa kuburuza kidogo. Shika skrubu isizunguke ukikaza nati, kisha pima TENA, maana nati ikikazwa huwa inaivuta skrubu.
Halafu washa dakika tano oili ipate uvuguvugu, zima, mwaga yote, ukiiinamisha pande zote mbili. Funga boliti kwa washa mpya, weka lita 0.9 ya JASO MA, pima, ongeza kidogo kidogo. Tembea kilomita kama 100 bila mzigo, kisha mwaga tena na uweke mpya. Hiyo ya kwanza ni ya kuosha pleti, chukua ya bei nafuu ilimradi ina JASO MA.
Umesema umekaza cheni pia. Ikague: katikati ya chini ichezeke milimita 20 hadi 30, na alama za pande zote mbili za swingamu (mkono unaoshika tairi la nyuma) zilingane.

Kijana wa Mbalizi
Lakini lita mbili za oili si karibu sawa na pleti? Na fundi wa duka alisema kwa uhakika pleti zimekwisha.

Fundi Kimya
Ukifunga pleti mpya ndani ya oili hiyohiyo zitateleza vilevile.

Mzee wa Tofali
Na hiyo oili chafu usimwage mtaroni. Paka nguzo za banda, mchwa hawasogei.

Chuma Chakavu
Mzee, ya nguzo nayo inaishia ardhini. Weka kwenye dumu, wapo wanaokusanya.

Kijana wa Mbalizi
Mrejesho. Tapeti nimeziseti, tik tik imerudi kidogo, ikiwa ya moto inawaka kwa kiki moja. Boksi la hewa lilikuwa limelowa kweli. Oili ya kwanza imeingia, gia ya nne inavuta. Ya tano na abiria mlimani bado inateleza. Si nilisema pleti?

Fundi Kimya
Umetembea kilomita ngapi?

Kijana wa Mbalizi
Kumi na kitu.

Fundi Kimya
Maliza 100, tena bila abiria, mwaga ya pili. Ikiteleza bado, fungua kava la kulia. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo: zikiyumba zimepinda, zikiwa na rangi ya bluu zimeungua. Zikiwa nyeupe na zimelala sawa, zioshe pamoja na zile za msuguano, loweka kwenye oili mpya, rudisha. Na ukiwa umefungua humo, safisha kile kikombe cha krenki, ndiyo filta yako halisi.

Mchunguzi Huru
Bado nasema chai. Ila Dada Spea, gasketi ya kava la kulia inauzwa peke yake au mpaka ninunue seti nzima?

Dada Spea
Inauzwa peke yake. Nenda na ya zamani ulinganishe matundu ya oili, zinafanana lakini si zote. Mabaki yakwangue kwa kipande cha plastiki kigumu, bisibisi inachana aluminiamu na hapo itavuja hata ukiweka mbili. Na silikoni usipake, ziada yake inaingia ndani na kwenda kuziba wavu.

Mchunguzi Huru
Ya kwangu nilishapaka.