Akina Smith: kati ya Adam, Ian na Tommie, nani kaacha alama zaidi?

Mzee wa Kashata: Wakuu, jana kijiweni tumebishana hadi kahawa ikapoa. Smith ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Uingereza na Marekani, na maana yake ni mhunzi tu. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, ndiyo maana akina Smith wengi si ndugu. Tukiwaweka mezani hawa watatu, Adam yule mchumi wa Uskoti, Ian waziri mkuu wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Tommie mkimbiaji wa Marekani, nani mzito?

BintiHesabu: Adam, hakuna mjadala. Kitabu chake cha 1776 kinaanza na pini! Watu 10 wamegawana kazi: huyu anavuta waya, yule anaunyoosha, mwingine anakata, mwingine anachonga ncha. Kwa siku wanatoa pini 48,000. Kila mtu angefanya peke yake, hata 20 asingefikisha. Ingia kiwanda cha nguo leo uone, kuna anayeshona kola tu kutwa nzima.

Will_ndo_Smith: Mbona mmemwacha Will jamani 😂

Dereva Mstaafu: Binti, pini hazijazi tenki. Ian alipojitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Uingereza, mwenye koloni, haikumzima, na Tanzania ikavunja nayo uhusiano wa kibalozi Desemba ileile. Zambia, iliyokuwa ikipitishia mafuta yake Rhodesia, ikabanwa, yakawa yanapelekwa kwa malori kutoka Dar, barabara yenyewe vumbi na tope. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar likafika Ndola, Zambia, reli ya TAZARA ikafuata. Smith huyu kaigusa ramani yetu.

Mama Mbio: Mimi na Tommie wangu. Mexico City, 1968, mita 200 kwa sekunde 19.83, rekodi ya dunia. Halafu jukwaani: hana viatu, soksi nyeusi kuashiria ufukara wa weusi wa Marekani, ngumi juu. John Carlos, Mmarekani mwenzake aliyeshika nafasi ya tatu, alisahau glavu zake, wakagawana jozi moja, ndiyo maana Tommie kainua mkono wa kulia na mwenzake wa kushoto. Wakatimuliwa michezoni. Aliyeshika nafasi ya pili, Peter Norman wa Australia, alivaa beji ya kuwaunga mkono. Alipofariki 2006, hao wawili walikwenda kubeba jeneza lake.

Mzee wa Kashata: Mama umenigeuza, nilikuja na Adam. Ila Dereva, mlowezi unampaje kura?

Dereva Mstaafu: Kura sijampa mkuu. Umeuliza alama, na bomba lingali linapitisha mafuta.